Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi chetu cha uandishi, kabla hamjalipa ada

Wanangu,

Mmekuwa mkiniuliza, mmoja mmoja, ipi kozi nzuri ya uandishi bunifu. Nawajibu kwa pamoja, kwa sababu sina jina moja la kumpa kila mtu. Katika miaka yangu ya kuhariri miswada nimewaona watu wawili wakitoka darasa lilelile; mmoja akamaliza riwaya, mwenzake hakushika kalamu tena. Kozi nzuri ni ile inayokufaa wewe.

Ila msiyakimbilie yale majaribio ya kukwambia kwamba wewe hujifunza kwa macho na fulani kwa masikio. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu, wanasaikolojia wa Marekani, walizipitia tafiti za jambo hilo, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mtu hufaulu zaidi akifundishwa kwa njia anayodhani ni yake. Na hadithi ina macho na masikio yote. Jiulize hivi: ni maoni ya namna gani yakikufikia leo, kesho unarudi mwenyewe kwenye mswada?

Wako wanaorudi wakisemwa mbele ya watu. Hao waende kwenye warsha. Mtindo uliosambaa zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako programu ya waandishi ilianza mwaka 1936. Kazi yako inagawiwa mapema, wenzako wanaisoma, halafu wanaijadili wewe umekaa kimya. Kwa desturi yao ya zamani huruhusiwi kujitetea. Kimya hicho kina sababu. Kitabu kikishatoka, hutakuwepo sebuleni kwa msomaji kumweleza ulichokusudia. Lakini nawajua wengine miongoni mwenu, mliolelewa kutojibizana. Mkikalishwa kimya watu kumi wakasema, mtakubali kila kitu, hata cha kijinga, na mswada utarudi nyumbani hauna mwenyewe. Ninyi tafuteni mwalimu wa ana kwa ana, hata kama kwa mwezi anasoma kurasa chache tu. Au tafuteni warsha ambayo mwandishi hutangulia yeye kusema anataka kuambiwa nini.

Wengine hawaanzi mpaka wawekewe mipaka. Mwambie mtu huyo aandike chochote, atakodolea karatasi hadi magharibi. Mwambie alete beti za mishororo minne, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, na kesho yake anakuja nazo. Asione haya kuanza na mafunzo ya ushairi wa arudhi, yaani wenye kanuni kama hizo, hata kama anachokitamani ni riwaya. Atazoea kulipima neno kabla ya kuliweka, tabia ambayo waandishi wengi wa nathari wanaikosa (miswada niliyoipunguza theluthi nzima ni shahidi).

Na wapo wanaoamshwa na mshindani. Washairi wa zama za Shaaban Robert walikuwa na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, wakituma tungo na kujibizana humo. Kikundi chetu kinaweza kufanya hivyo bila senti moja.

Asiyeandika bila tarehe ya mwisho, pengine hahitaji kozi kabisa. Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu hutangaza siku ya mwisho ya kupokea miswada. Jipangieni kwa siku hiyo. Masomo ya video yanamfaa anayejisimamia, na wengi wenu si hao, samahanini.

Lugha ndiyo inayonisumbua zaidi. Kozi nyingi mnazonionyesha ni za Kiingereza. Ukiandika Kiswahili, mwalimu asiyekisoma atahukumu tafsiri yako. Atakukatia takriri, yaani neno ulilolirudia kwa makusudi, akidhani umejirudia bure, wakati msomaji wa Tanga angeisoma kwa sauti na kuwaita wenzake wasikie. Ujenzi wa kisa na wahusika mtu huyo anaweza kukufundisha, na vizuri sana. Sentensi zako usimkabidhi.

Basi kabla ya kulipa, ulizeni: nani hasa atasoma kazi yangu, kurasa ngapi, mara ngapi, kwa lugha gani? Maoni yataandikwa au yatasemwa tu? Darasani tutakuwa wangapi? Nikiandika upya, rasimu ya pili itasomwa? Hili la mwisho walisisitizieni, maana kozi nyingi husoma mara moja zikaishia hapo. Cheti msikiulizie, mhariri hakitazami.

Atakayebaki anasita kati ya kozi mbili aje nyumbani Jumamosi baada ya alasiri, na mswada wake. Vipeperushi aviache.

Mzee wenu