Mtuulize kwanza tulioibiwa

Mhariri,

Kila magereza yakitajwa kuwa yamejaa, huzuka watu wa kusema wakosaji wapatanishwe na waliowakosea, yaishe. Wanaosema hivyo mara nyingi hawajavunjiwa mlango. Mimi nimevunjiwa.

Ni fundi wa kushona hapa Nakuru. Kibandani mwangu mlibebwa cherehani na vitambaa vya sare za shule vya wateja. Siku ya tatu kijana akakamatwa, cherehani ikapatikana. Nilifurahi bure. Iligeuka kielelezo, ikabandikwa karatasi, ikakaa kituoni miezi 11 huku nikishona kwa mashine ya kukodi. Ilirudi gurudumu limeshika kutu na mkanda umekauka kama ukuni. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena, na nauli ni yangu. Kijana akafungwa miaka 2. Wateja niliwalipa mwenyewe, kitambaa kwa kitambaa.

Ila sikupata hata dakika moja ya kumwuliza: ulijuaje siku ile nitafunga mapema? Mtu niliyekuwa nimemwambia naenda matangani ni mmoja tu. Mpaka leo jirani huyo namtazama kwa jicho la pembeni, na pengine maskini hana kosa.

Kumbe Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 ilinipa haki ya kukutanishwa naye, mradi nichague mwenyewe na yeye akiri alichofanya. Nililijua hilo kwa afisa wa probesheni aliyeleta suruali kupunguzwa, kijana akiwa ameshaingia ndani.

Lakini wanaotaka mambo yote yaishie kwa wazee wasinihesabu upande wao. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji iondolewe kwa kuwa familia ya mshtakiwa ilikwishalipa ngamia na mbuzi kimila. Ikiwa waliofiwa waliridhika, sina neno. Tatizo ni kwamba kule kaskazini mashariki maslaha hiyohiyo, yaani upatanisho wa wazee kwa kulipana mifugo, huletwa hata msichana akibakwa. Wazee hukaa, baba hupokea ngamia, naye aliyeumizwa yuko nyumbani hajaitwa. Sijui huwa wamempatanisha nani na nani.

Mahakama ina sera ya mfumo mbadala wa haki, yaani kusuluhisha kesi nje ya korti, tangu 2020. Basi afisa wa upatanisho aje kwa aliyetendewa kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, amkute peke yake, bila mzee wala chifu, na akiambiwa hapana aandike hapana. Na cherehani ya mtu ipigwe picha, irudishwe kazini.

Kijana anatoka mwezi wa nane. Swali langu bado ninalo. Ni ofisi gani itakayotukalisha, au nimngoje stendi?

Fundi cherehani,
Nakuru