YAH: Malalamiko ya ripoti yetu mliyoiharibu na majibu niliyopewa kaunta

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima, japo ya kwangu mimi sikuiona pale kaunta kwenu siku niliyokuja kuchukua ripoti ya AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima.

Utaratibu wa kumuonyesha mteja nakala moja kabla hamjaprinti zote mnaujua wenyewe, mmeubandika ukutani. Haukufuatwa. Nimekuta nakala 200 zimeshapigwa baindingi, nafungua ukurasa wa pili naona mstari mmoja umejaa vizuri, unaofuata una maneno matatu tu, "wa", "zao" na "hilo", yamevutwa toka ukingo huu mpaka ule, katikati mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oa meno. Nikamwambia kijana wenu kwa upole, mwanangu hii haijakaa sawa. Akacheka, akawageukia watu wa foleni akasema "bibi huyu kazoea taipureta, jastifai ndo inavyokuwaga hivi". Na watu wakacheka. Jastifai ni kule kuivuta mistari ifike kingo zote mbili za ukurasa.

Sasa nimjibu hapa maana pale sauti ilinikwama. Taipureta nimepiga ofisini miaka na miaka, ndo maana najua. Kwenye taipureta kila mstari unaumaliza mwenyewe kwa mkono, kompyuta haitaki hivyo, inashusha maneno yenyewe. Aliyetaipu kitaipureta ni yeye! Faili mlilonitumia tumelifungua na mjukuu wangu, tukabonyeza Ctrl, Shift na 8 ili alama zilizojificha zionekane, vimshale vilivyopinda vimejaa mwisho wa karibu kila mstari, yaani kila akiona mstari umejaa anabonyeza Shift na Enter, afu baadaye akakuza herufi, mistari ikakatika upya na vile vipande vilivyodondoka chini vikavutwa. Ile programu ya kuandikia, Word, ukiijastifai inauacha mstari wa mwisho wa aya ulivyo, ila mstari ulioishia na kile kimshale yenyewe haiuhesabu kuwa mwisho wa aya, inauvuta tu hata ukiwa na maneno mawili. Kuvifuta ni kazi ya muda mfupi, kwenye kutafuta na kubadilisha unatafuta ^l, ndo jina la kile kimshale, unaweka spesi, aya unazitenganisha kwa Enter ya kawaida, basi. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, "waliokwishaorodheshwa" likikosa nafasi linashuka zima na spesi zinatanuka, hilo naelewa, linatibika kwa kukata neno kwa kistari. Lakini "wa zao hilo" lina urefu gani jamani?

Na narudia lile la kaunta msije mkasema nimekuza. Hata shikamoo hakunipa. Aliinyanyua ripoti yetu juu, jina la chama linasomeka na kila mtu, akasema bibi kazoea taipureta. Kwenye foleni alikuwepo mama mmoja ninayesali naye kanisani, akainamisha uso. Asubuhi yake nilikuwa nimepiga simu mkaniambia njoo mama kila kitu safi, nikapanda gari toka Tukuyu na mvua ile, Uyole tukakwama foleni ya malori, nafika nachekwa. Na hela mlishachukua yote, wakati bango lenu linasema nusu kwanza nusu ukipokea mzigo, sijui hilo nalo ni la taipureta.

Siku ile nilitaka mrekebishe tu. Sasa hivi nataka nakala zote 200 ziprintiwe upya bure, mzilete wenyewe Tukuyu, mimi kaunta ile sikanyagi tena. Na nusu ya hela irudi. Na huyo kijana aniombe radhi kwa maandishi, kwa jina la chama, na hiyo barua yake aijastifai tuone.

Mkutano mkuu wa wakulima wa parachichi umekaribia, nawapa mpaka Ijumaa. Ikipita, nusu siitaki tena, nataka hela yote, na napeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na risiti na faili lenyewe lenye vimshale vyake. Na AMCOS za Rungwe na Busokelo makatibu wake tunajuana, mwisho wa mwaka wote wanatafuta pa kuprintia ripoti.

Wenu,
Katibu wa AMCOS, Tukuyu