Ile laptopu haitupwi

Mwanangu,

Ulivyopiga simu juzi ukaniambia baba hiyo laptopu ya kabatini itupe tu inajaza nafasi, nilisema sawa, na kweli nilikuwa nimeshaitoa. Ila nikasema ngoja niiwashe kwanza nifute vitu vyetu, maana mtu hatupi diski yenye picha za familia. Chaja nimeitafuta nusu saa nzima. Ikawaka, taratibu zake zile zile, feni inakoroma kama mtu mwenye mafua, nikaanza kupitia mafolda moja moja ndio nikakuta faili lako. Barua yote hii ni kwa sababu ya hilo faili, na nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningezungukazunguka tu mpaka tukate, si unanijua.

Nikukumbushe kidogo ilikuwaje maana ulikuwa na miaka 12. Machi 11, 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imeshakuwa janga la dunia, na baada ya muda si mrefu sote wanne tukajikuta ndani, shule imefungwa, ofisi imefungwa, na kompyuta iliyopo nyumba nzima ni ile ya kazini kwangu ambayo hakuna ruhusa ya mtu mwingine kuigusa. UNESCO walisema wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa nyumbani kipindi kile. Mimi nilikuwa namuwaza mmoja tu huyo wa kwangu atasomea kwenye nini. Na laptopu zilikuwa hazipatikani, kila mtu anatafuta hiyo hiyo, kamera za kuchomeka ndio usiseme.

Basi nikaifufua hii. Ilikuwa na Windows 7 ambayo Microsoft walikuwa wameshaacha kuipa apdeti tangu Januari 14 mwaka huo huo, na kuwaka tu ilikuwa inachukua muda wa mtu kuoga na kuvaa. Nikafungua mgongo, vumbi lililokuwa kwenye feni lilitoka kama kipande cha blanketi, mama yako akaja kushangaa. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, nikachomoa kwenye ile ya mama yako iliyokufa skrini nikaongezea hapa, kutoka giga 2 ikawa 4, halafu nikaweka Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows, kwa kufuata maelezo kwenye simu, mara ya kwanza nikakosea ikabidi nirudie yote usiku ule. Asubuhi ukaingia darasani kwa Zoom ukaniita, baba naona wenzangu! Nilijiona fundi kweli kweli. Hiyo sehemu naikumbuka vizuri, tatizo ni kilichofuata.

Siku chache mbele herufi A iling'oka, mdogo wako unamjua, ikabaki ile mpira ndogo ya chini ambayo ukiibonyeza kwa nguvu inaandika na ukiwa na haraka haiandiki. Nikasema nitaitengeneza. Sikuitengeneza.

Halafu darasa likaanza kukukatika. Unaganda, sauti ya mwalimu inakuwa kama roboti, unatolewa. Ukaja kuniambia mara ya kwanza nikasema ni zile dakika 40 za bure, Zoom ndivyo wanavyofanya, ukasema baba mbona imekata dakika ya pili. Nikasema basi ni dunia nzima iko mtandaoni, na hapo nilikuwa na hoja kabisa, maana Zoom wenyewe walisema kutoka washiriki wa mikutano kama milioni 10 kwa siku Desemba 2019 walifika zaidi ya milioni 200 Machi, na huko Ulaya Netflix na YouTube walishusha ubora wa video ili mtandao usizidiwe. Nikahamishia ruta juu ya kabati. Nikakataza maikrowevu isiwashwe wakati wa vipindi kwa sababu inaingilia waifai ya masafa ya gigahezi 2.4, jambo ambalo ni kweli, ila mama yako hakufurahi na halikusaidia chochote.

Halafu mwalimu akatuma meseji kwamba unatoka darasani ovyo na kurudi unavyotaka. Hapo ndipo nilipokugeukia. Nilisema unacheza gemu, kwamba unafungua gemu pembeni ndio mtandao unajaa, na nikachukua tableti wiki nzima. Ulisema sichezi. Ukasema baba nimeandika, njoo uone. Nikakujibu nina kazi.

Sasa hilo ulilokuwa umeandika ndilo nimelikuta. Faili linaitwa "kuktik" na mwanzoni nilidhani ni takataka za mfumo nikataka kufuta, nilipolifungua ndio nikakumbuka ile herufi. Nakunakilia mistari michache kama ilivyo:

10:03 imektik
10:09 imektik ten, bb nonge n simu
10:31 nimerudi, imektik
12:20 iko sw

Kuna siku kumi na saba humo ndani, na siku zote kumi na saba inaanza kukatika saa nne na dakika kadhaa na kwenye saa sita na kitu inakaa sawa. Jumamosi na Jumapili hakuna. Nilikaa sakafuni pale pale nikaisoma kama mtu anayesoma hati ya mashtaka, maana saa nne asubuhi mwanangu, mimi najua kilichokuwa kinatokea saa nne asubuhi, nilikipanga kwa mkono wangu.

Kazini walitutaka kila siku tuhifadhi nakala za mafaili kwenye seva yao. Nikaweka kompyuta yangu iwe inayapandisha yenyewe saa nne, Jumatatu mpaka Ijumaa, na nilijisifu kabisa kwamba nimechagua muda mzuri kwa sababu saa nne nilikuwa na mkutano, sihitaji mafaili. Na mkutano wenyewe nilikuwa naufanya kwenye simu kwa bando la simu, ndio maana mimi sikuganda hata siku moja. Nilikuwa napiga stori na wenzangu huku wewe chumba cha pili unatolewa darasani.

Intaneti ya nyumbani kwetu ilikuwa na mlango mpana wa kuingilia na kijitundu cha kutokea, na nyumba nyingi ziko hivyo. Kupandisha tulikuwa na megabiti moja tu kwa sekunde. Faili la gigabaiti moja hapo linachukua zaidi ya saa mbili, maana baiti moja ni biti nane, fanya hesabu mwenyewe, ndio hiyo saa sita na kitu yako. Na muda wote huo sura yako na sauti yako vilikuwa vinapanga foleni ndani ya ruta nyuma ya ripoti zangu, na hata yale majibu mafupi ambayo laptopu inarudisha kila mara kusema nimepokea leta nyingine nayo yamo kwenye foleni hiyo hiyo, kwa hiyo hata mwalimu anachelewa kukufikia ingawa mlango wa kuingilia uko wazi. Kumbe ilikuwa ni kuhamisha kazi hiyo iende usiku. Kubofya mara mbili, tatu. Ningeangalia faili lako dakika moja tu ningejua, kwa sababu hakuna gemu inayoanza saa nne kamili kila siku na kupumzika wikiendi.

Kwa hiyo ulikuwa husemi uongo, na ushahidi ulikuwa nao, na ulivyoukusanya ni vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua ambao wakifika wanaanza kwanza kuzima na kuwasha. Nisamehe kwa ile tableti, na kwa yale maneno mbele ya mdogo wako, nadhani hayo yalikuuma zaidi. Mwalimu nilitakiwa nimwandikie nikutetee na sikumwandikia.

Mstari wa mwisho wa faili ni huu:

10:06 imektik, sitmwmbi ten bb

Nilirudia mara tatu kabla sijaelewa umeandika nini.

Laptopu nimeirudisha kabatini. Kitufe cha A nimeagiza, wanauza kimoja kimoja siku hizi, kikija nakibandika nikutumie picha. Faili lenyewe sijaligusa, nimekutumia pamoja na mapicha yote ya mwaka ule, ni kama giga 3 hivi, na nimeyapandisha jana saa saba usiku mama yako na mdogo wako wamelala.

Baba