Buibui wa dhahabu asichomwe pamoja na ua wa minyaa

Mhariri,

Mvua za Dodoma zikielekea kwisha, kwenye minyaa, migunga na nguzo za mizabibu huonekana buibui mkubwa mwenye uzi wa manjano. Wengi humdhania ana sumu ya kuua, wakamtia moto. Inatuuma, kwa kuwa anauawa kwa kutojulikana tu.

Jina lake la kitaalamu ni Trichonephila senegalensis. Vitabu vya kabla ya 2019 humwita Nephila. Mwili wa jike, bila miguu, ni kama sentimita 2 hadi 3. Sehemu ya mbele ina vinyweleo vya rangi ya fedha, tumbo ni jeusi lenye mabaka ya manjano, na miguu ina pete nyeusi na njano. Dume hafikii sentimita 1: yule mdogo anayenyemelea pembeni mwa utando si mtoto, ni mume. Wanapatikana kuanzia Senegal hadi Ethiopia na kushuka hadi kusini mwa Afrika, na nyika kavu kama yetu inawafaa sana.

Huchanganywa na buibui mwingine aitwaye Argiope, naye pia ana manjano na weusi. Tazama utando. Argiope hushona zigizaga nyeupe katikati, akakaa amebana miguu miwili miwili kama herufi X. Uzi wa buibui wa dhahabu hung'aa kama dhahabu juani, kitovu cha utando kiko karibu na juu, na pembeni kuna nyuzi zisizo na mpangilio zenye mabaki ya wadudu aliowala. Hajengi upya utando mzima kila siku. Hukarabati kipande kilichochakaa.

Huuma akibanwa tu, kwa mfano mkononi mwa mvuna zabibu asiyetazama. Panauma na kuwa pekundu, kisha hupoa.

Wafugaji wa nyuki wa Manyoni wana haki ya kulalamika, maana nyuki naye hunaswa. Utando uliokatiza mbele ya tundu la mzinga uondolewe, lakini buibui ahamishwe. Fanya hivyo asubuhi mapema au jioni. Mchana jua humkuta hana pa kujificha. Weka ndoo chini yake, kata nyuzi za juu kwa kijiti, ataanguka ndani. Bila ndoo, jike mwenye mayai huweza kupasuka tumbo akigonga ardhi ngumu. Mwachie kwenye vichaka viwili vyenye uwazi wa mita moja hivi katikati, mahali wadudu wanaporuka. Ndani ya kichaka kilichosongamana hana pa kutandaza.

Nanyi mnaopunguza minyaa: tawi lenye kifuko cha nyuzi za manjano lichomekwe tena uani, lisitupwe motoni. Mama hufa muda si mrefu baada ya kutaga, na buibui wa mwaka ujao wamo humo.

Wapenzi wa viumbe wa nyikani,
Dodoma