Barua kwa mwanangu: kabla hujaomba feloshipu

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Umeniandikia majina ya vyuo vitano vya Marekani unakotaka kuomba feloshipu, yaani mafunzo ya ziada ya daktari baada ya ubingwa, ukitaka kujua kipi kina jina kubwa zaidi. Jina liweke kando kwanza, mwanangu. Uliza muda wako utakuwa mikononi mwa nani.

Feloshipu ya magonjwa ya ndani kwa ujumla si kama ya moyo au ya figo. Wenzako wanakwenda kubobea kwenye kiungo. Wewe utabaki daktari wa mgonjwa mzima, na utakachojifunza ni kutafiti na kufundisha. Ukishamaliza miaka 3 ya residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, mafunzo haya huchukua miaka 2, mara chache 3, na huanza Julai. Mtihani wa bodi ya magonjwa ya ndani kwa kawaida huangukia Agosti, kwa hiyo usome ukiwa bado residensi. Ukiusubiri, mtihani utakula wiki zako za kwanza zote.

Sasa tuje kwenye muda. Wiki ya kazi ina vipande kumi vya nusu siku. Programu ya maana inakuachia saba au vinane vya utafiti na masomo ya shahada ya uzamili, kimoja cha kliniki, kisha wiki chache kwa mwaka za kuongoza raundi wodini. Kwenye karatasi zote husema hivyo. Tatizo ni kwamba kliniki ya nusu siku haiishi siku hiyohiyo. Umeona wagonjwa Jumatatu. Jumanne majibu yanarudi, mmoja potasiamu yake ni 5.9, juu kuliko inavyotakiwa, mwingine anaomba dawa ya sukari iongezwe muda, wa tatu ameleta fomu za bima. Hayo si ya kungoja hadi Jumatatu ijayo, na yakikuangukia wewe kila siku, vile vipande vinane vinabaki vitano. Kwenye usaili uliza wazi: siku ambazo sipo kliniki, nani anafungua majibu ya wagonjwa wangu? Kisha waulize mafelo, yaani madaktari walio kwenye feloshipu pale, swali hilohilo, bila mkubwa wao kuwepo. Majibu mawili yakipishana, amini la mafelo.

Uliza pia mshahara unatoka mfuko gani. Nafasi nyingi hulipwa na ruzuku za serikali ya Marekani za kufundisha watafiti, na hizo hudai uraia au ukaaji wa kudumu. Kama bado uko kwa viza, jambo hili lijulikane kabla hujaandika barua hata moja ya maombi. Zaidi ya hapo, chini ya ruzuku hizo miezi 12 ya kwanza ni deni la utumishi, yaani unadaiwa kuilipa kwa kazi, na mwaka wa pili wa mafunzo ndio unaolilipa. Anayeondoka baada ya mwaka mmoja anaondoka nalo.

Mlezi wa utafiti mchague kwa kazi yake ya sasa. Profesa mashuhuri unayemwona mara moja kwa mwezi hatakufaa kama yule wa ngazi ya kati mwenye ruzuku inayoendelea, anayekaa nawe saa nzima kila wiki na kurudisha rasimu yako imejaa wino. Omba orodha ya mafelo watano wa mwisho aliowalea: wako wapi leo, na kila mmoja alitoa makala ngapi akiwa mwandishi wa kwanza?

Swali lako la utafiti, kama simu za muuguzi zinawasaidia wagonjwa kudhibiti shinikizo la damu, nimelipenda, ila bado ni pana. Tulipime kwa hesabu. Tuseme wagonjwa 50 kati ya 100 shinikizo lao linadhibitiwa kwa huduma ya kawaida, nawe unadhani simu ya muuguzi itawafikisha 65. Kwa nguvu ya asilimia 80, yaani uwezekano wa kuiona tofauti hiyo kama kweli ipo, unahitaji takriban watu 170 kila kundi. Ukitarajia asilimia 20 kupotea njiani, andikisha 213, yaani 426 kwa jumla. Ukisema simu itawafikisha 60 tu, idadi inaruka hadi karibu 390 kila kundi kabla ya kuhesabu watoro. Felo mmoja hawezi kuwapata hao ndani ya miaka 2, tena miezi kadhaa ya mwanzo huishia kwenye kamati ya maadili. Ndiyo maana nasisitiza kazi ya kwanza ifanywe kwa takwimu zilizokwisha kukusanywa. NHANES, uchunguzi wa kitaifa wa afya na lishe wa Marekani, iko wazi kwa kila mtu, na ndani yake mna vipimo halisi vya shinikizo. Usisahau uzani wa sampuli, yaani namba inayoonyesha kila mtu aliyepimwa anawakilisha wangapi: baadhi ya makundi yalichukuliwa kwa wingi makusudi, na ukihesabu vichwa tu, asilimia zako hazitakuwa za Wamarekani wote.

Ukitaka kubaki mtafiti, tarehe ya kuandika ukutani ni Oktoba 12 ya mwaka wa pili. Andiko la kuomba K23, ruzuku ya serikali ya Marekani kwa madaktari wanaoanza utafiti, likiingia siku hiyo, fedha haziwezi kutoka kabla ya Julai, mara tu feloshipu ya miaka 2 inapokwisha. Mengi hukataliwa mara ya kwanza na kurudishwa yakiwa yamesahihishwa, hivyo uliza chuo kitakulipa nini katika pengo hilo. Makala mbili ziwe zimetoka au zimekubaliwa kabla ya hiyo Oktoba, maana wasahihishaji huzitazama mapema.

Kama moyo wako uko zaidi kwenye kufundisha, sema mapema. Programu nyingine zina njia hiyo, na mlezi wake ni mwingine kabisa.

Nitumie swali lako upya likiwa sentensi moja: wagonjwa gani, unawafanyia nini, unalinganisha na nini, unapima nini, baada ya miezi mingapi. Tutalipitia pamoja Jumapili kwenye simu.

Mama yako