Zile si mbegu, Mhariri

Mhariri,

Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu "mbegu za kale" zilizokutwa ndani ya mwamba niliisoma mara mbili, kwa furaha na kwa kukereka. Zile ni spora. Mbegu hubeba kiinitete na akiba yake ya chakula. Spora ni seli moja ndani ya ganda, kama ule unga unaobaki kidoleni ukipangusa mgongo wa jani la kangaga. Mimea ilitawanya spora nchi kavu yapata miaka milioni 470 iliyopita. Mbegu zilikuja karibu miaka milioni 100 baadaye.

Kazi yangu ni kuzitoa kwenye jiwe. Tunaliponda, tunaliloweka kwenye asidi ya haidrokloriki liachie chokaa, kisha kwenye haidrofloriki, ambayo hula hata glasi, kwa hiyo vyombo vyetu ni vya plastiki (na asiyevaa glavu hamalizi siku kwetu). Jiwe linayeyuka, ganda la spora linabaki.

Lakini mwandishi wenu anasimulia kana kwamba mtu huchungulia hadubini asubuhi, jioni ana spishi mpya. Mwaka fulani nilikutana na spora mbili zenye vijiba vilivyogawanyika nchani, na lile kovu la umbo la Y linaloonyesha mahali spora nne zilipokuwa zimeshikana. Sijapata kuona vijiba vya namna ile. Nikamwita mkubwa wangu mbio. Akainama, akazungusha lenzi, akauliza, "Ziko ngapi?" Mbili, mzee, na moja imekunjika. Akarudi kwenye chai yake.

Alikuwa na haki. Spora ikikandamizwa hujikunja. Ikipata joto la ardhini hutoka njano ikawa kahawia, mwisho nyeusi. Ikiwa changa haifanani na iliyokomaa. Mwenye pupa ataipa majina matatu spora ya mmea mmoja. Zinatakiwa nyingi, zipimwe kwa mikromita, moja iteuliwe kuwa holotipu, yaani kielelezo rasmi cha jina hilo, na itunzwe mahali ambapo mwenye shaka anaweza kwenda kuitazama. Hata hapo jina ni la spora. Mmea wake mara nyingi haujulikani, mpaka spora kama hiyo ikutwe ndani ya kifuko chake cha spora, kikiwa kimegeuka kisukuku pamoja na shina.

Mbili zangu bado ziko kwenye droo, na alama ya kuuliza kwa penseli. Nimepitia slaidi zaidi ya mia mbili za mwamba uleule. Ya tatu sijaiona.

Fundi wa maabara ya visukuku