Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vyeti vya Watoto Wetu na Huduma za Ubalozi Mdogo

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Katika mkutano uliopita mlitupa kazi moja mbele ya zote: vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa Wakongomani wanaozaliwa hapa Kigoma. Habari za ada na misiba ziko kwenye taarifa za katibu na mweka hazina, sitazirudia.

Sheria ya Tanzania inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Sheria ya familia ya Kongo, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, nayo inampa mzazi siku 90 za kumtangaza mtoto, na kwa sisi tulio nje kazi hiyo inafanyika ubalozini. Wengi tunatimiza upande mmoja tu, wengine hata huo hatuufiki. Siku zikishapita, Kongo hudai hukumu ya mahakama. Hapo ndugu apande boti hadi Kalemie, upande wa Kongo wa ziwa, atafute mashahidi, alipe gharama, na mwaka wa shule unakwisha mtoto hana karatasi.

Niseme wazi pia kuhusu cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania. Wapo wanaokikwepa wakiogopa kwamba mtoto atapoteza Ukongo wake, na wapo wanaokishangilia wakidhani amekuwa Mtanzania. Cheti kile kinaeleza mtoto alizaliwa lini, wapi na wazazi wake ni nani, basi. Ukongo anaurithi kwa mzazi, kwa mujibu wa sheria ya uraia ya Novemba 2004, na sheria hiyo hairuhusu kuuchanganya na uraia mwingine.

Lililotutoa jasho kuliko yote ni majina. Tangu Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kizungu mwaka 1972, familia zetu zimezoea kumpa mtoto jina la pili ambalo si la baba wala la babu. Fomu za hapa zinakwenda kwa desturi nyingine: jina la mtoto, la baba, kisha la babu. Muuguzi akijaza alivyozoea, na baba akaenda ubalozini kuandikisha kwa desturi ya kwao, mtoto mmoja anakuwa na karatasi za watu wawili. Kamati ilikaa na familia zilizokwama, nyumba kwa nyumba, na karibu kila mahali chanzo kilikuwa tangazo la kizazi lililotoka hospitali bila mzazi kulisoma. Kina mama, nawasihi: majina yaandikwe vizuri kwenye kadi ya kliniki mapema, na tangazo lisomwe herufi kwa herufi kabla hamjaondoka wodini.

Ndugu zetu walioko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wametuomba tuwapeleke ubalozini. Tumekataa, na naomba mtuelewe. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unasema anayejirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi. Mtu aliyekimbia vita asiingizwe kwenye hatari hiyo na chama chake mwenyewe. Njia yao inapita kwa Wizara ya Mambo ya Ndani na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na tutawaelekeza huko kwa upendo wote.

Vishoka bado wapo. Mama mmoja mwanachama wetu alitoa akiba ya biashara yake ya dagaa kwa mtu aliyeahidi kumletea pasi ya kusafiria nyumbani. Pasi inahitaji alama za vidole za mwenyewe. Hakuna wa kukuwakilisha kwa vidole vyako. Malipo yote yafanyike dirishani ubalozini, na risiti itunzwe.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba idhini ya mambo mawili: sehemu ya mfuko wa chama ilipie tafsiri ya vyeti kwa Kifaransa kwa familia zisizo na uwezo, na kina mama wawili wateuliwe kuwatembelea wazazi wapya kabla siku 90 hazijaisha. Majina ya wanaopendekezwa yapelekwe kwa katibu leo, kabla ya kura.

Mwenyekiti
Kigoma